Nyuma ya Anayebisha Hodi: Historia ya Kulinda Ubora wa Mafunzo ya Watembeleaji wa Majumbani

Kazi ya kumtuma mtu mwenye maarifa akabishe hodi kwa mzazi mwenye mtoto mchanga imedumu kwa zaidi ya miaka 150, na katika muda huo wote swali lililowasumbua wanaoisimamia halikubadilika sana: mafunzo aliyopewa mtembeleaji darasani hubaki kiasi gani anapoketi peke yake sebuleni kwa watu, mahali ambapo mkufunzi wake hamwoni na mwenye nyumba hajui hasa alipaswa kufanyiwa nini. Muuguzi wa wodini hufanya kazi mbele ya macho ya wenzake na ya wagonjwa wa vitanda vya jirani, mwalimu hukaguliwa, na fundi huacha nyuma yake kitu kinachoshikika. Mtembeleaji huacha mazungumzo tu. Historia ya kazi hii, ikisomwa kwa upande wa mafunzo yake, ni historia ya majaribio mengi, mengine ya busara na mengine ya kujidanganya, ya kuyafanya mazungumzo hayo yaonekane.

Wanahistoria wa afya ya jamii nchini Uingereza huanzia Manchester mwaka 1862, ilipoundwa jumuiya ya wanawake wenye uwezo wa Manchester na Salford iliyojitwika kazi ya kuboresha usafi katika mji wa viwanda vya pamba ambamo watoto wachanga walikufa kwa wingi. Miaka michache baadaye jumuiya hiyo ilianza kuwaajiri wanawake wa tabaka la wafanyakazi waende mlango kwa mlango wakiwa na sabuni na dawa ya kuulia vijidudu, kwa hoja kwamba mama wa mtaa wa mabanda angemfungulia mlango mwanamke anayefanana naye upesi kuliko bibi mwenye kofia ya hariri. Hoja hiyo ina uzito, na itarudi tena na tena katika mabara mengine. Lakini mwanamke huyo alijifunza nini kabla ya kutumwa? Alijifunza yale ambayo bibi aliyemwajiri aliyajua, na ubora wa kazi yake ulipimwa kwa tabia yake njema zaidi ya kitu kingine chochote.

Aliyeona upungufu wa mpango huo mapema ni Florence Nightingale, ambaye mwaka 1892, akiwa katika miaka yake ya sabini na hatoki sana nyumbani, aliishawishi halmashauri ya kaunti ya Buckinghamshire igharimie kozi ya wanawake watakaotembelea nyumba za vijijini kwa ajili ya afya na wala si kwa ajili ya ugonjwa. Nightingale alishikilia kwamba kazi hiyo ni tofauti na uuguzi, kwa kuwa muuguzi humkuta mtu aliyekwisha kuanguka, ilhali mtembeleaji wa afya humkuta mama aliye mzima, anayejitegemea, na ambaye hakumwita. Mihadhara ilitolewa na daktari wa afya wa eneo hilo, lakini kilichoitofautisha kozi hiyo na mihadhara mingi ya zama zile ni kwamba daktari aliwachukua wanafunzi wake hadi kwenye nyumba zenyewe za vijijini, akiwaonyesha namna ya kuingia, kutazama na kuzungumza, na mwishoni wakatahiniwa. Hapo ndipo mafunzo yalipovuka kizingiti kwa mara ya kwanza pamoja na mwanafunzi.

Serikali ilifuata kwa mwendo wake wa taratibu. Sheria ya mwaka 1907 ya kuarifu uzazi, iliyofanywa ya lazima mwaka 1915, iliziwezesha mamlaka za miji kujua mtoto amezaliwa wapi ili mtembeleaji afike ndani ya siku chache. Kanuni za mafunzo zikatolewa mwaka 1919, na mwaka 1925 taasisi moja ya kifalme ya usafi wa mazingira ikakabidhiwa mitihani yote. Tangu hapo mtembeleaji wa afya wa Uingereza alikuwa mtaalamu mwenye cheti, na kwa muda mrefu cheti hicho kilitosha kuwa dhamana ya ubora wake.

Marekani ilipita njia nyingine. Huko, kuanzia miaka ya 1870, vyama vya misaada vya miji mikubwa viliwatumia watu wa kujitolea walioitwa watembeleaji marafiki, ambao kazi yao ilikuwa kuipa familia maskini ushauri na mfano mwema badala ya fedha. Mary Richmond, aliyeongoza chama cha namna hiyo Baltimore, alichoshwa na nia njema isiyo na ufundi. Mwaka 1897 alitoa hotuba iliyodai shule ya mafunzo, na mwaka uliofuata kozi ya kiangazi ya wiki 6 ikafunguliwa New York, ambayo ndiyo chimbuko la vyuo vya ustawi wa jamii nchini humo. Hata hivyo, kitu kilichokuwa na maana kubwa zaidi kwa somo hili kilikuwa kidogo kuliko shule, nacho ni kikao cha kila wiki ambacho watembeleaji wa mtaa mmoja wa Boston au Baltimore walikutana kueleza walichokikuta na kusahihishwa. Kikao hicho kilikuwa na kasoro moja ambayo haikutajwa sana: kilisikia kile tu ambacho mtembeleaji mwenyewe alichagua kusimulia.

Karne ya ishirini iliipa kazi hii sababu mpya. Mwaka 1962 daktari wa watoto wa Denver, C. Henry Kempe, pamoja na wenzake, waliandika makala iliyowalazimisha madaktari wa Marekani kukiri kwamba majeraha mengi ya watoto hutokana na kipigo cha wazazi wao, na katikati ya miaka ya 1970 Kempe, akivutiwa na mfano wa watembeleaji wa afya wa Uskoti, alipendekeza kila familia ya Marekani itembelewe nyumbani na mtu aliyefunzwa. Pendekezo hilo lilikutana na kizazi cha watafiti waliotaka kwanza uthibitisho. Huduma yenye ushahidi, kwa maana inayotumika hapa, ni ile ambayo matokeo yake yamelinganishwa na ya familia zilizokosa huduma hiyo, familia zikiwa zimegawanywa kwa bahati nasibu ili tofauti itakayoonekana isiwe imetokana na uteuzi.

David Olds alianza jaribio la aina hiyo mwaka 1978 katika mji mdogo wa Elmira, jimbo la New York, akiwa na wanawake wajawazito 400, na waliotumwa walikuwa wauguzi waliosajiliwa. Matokeo ya awali yalipoonekana kuwa mazuri, hasa katika kupunguza ripoti za watoto kuteswa na kutelekezwa, jaribio likarudiwa Memphis na kisha Denver, na la Denver, lililoanza mwaka 1994 kwa wanawake 735, ndilo linaloifunza zaidi historia hii. Olds aliweka bega kwa bega makundi mawili ya watembeleaji: wauguzi, na wanawake wa jamii ileile wasio na shahada, waliofundishwa mpango uleule na kupewa usimamizi maradufu ya ule wa wauguzi. Wasio wauguzi walileta takriban nusu ya manufaa. Wengi walilichukua tokeo hilo kama ushindi wa cheti dhidi ya ujirani, na hoja ya Manchester ikaonekana kuwa imezikwa. Ni hitimisho la haraka, kama mfano wa Kingston, Jamaica, utakavyoonyesha baadaye, lakini linaondoa dhana moja iliyopendwa sana, kwamba msimamizi wa kutosha anaweza kufidia kila upungufu.

Mpango wa Olds ulipoanza kuuzwa kwa majimbo mengine, wenyewe wakaufungia masharti ambayo hayakuzoeleka katika huduma za jamii: muuguzi mmoja asiwe na familia zaidi ya 25, msimamizi mmoja asiwe na wauguzi zaidi ya 8, kila muuguzi akae na msimamizi wake saa moja kila wiki kutafakari kazi yake, na msimamizi aandamane naye nyumbani kwa familia mara kwa mara. Lengo la masharti hayo linaweza kuitwa uzingativu, yaani kiwango ambacho kazi inayofanyika leo kwenye nyumba fulani inafanana na ile iliyofanyika siku ushahidi ulipopatikana.

Uzingativu peke yake hauleti manufaa, na Uingereza ndiyo iliyolionyesha hilo kwa gharama kubwa. Serikali ya London iliuleta mpango wa Olds mwaka 2007, ikaufuata kwa makini, na jaribio la kina mama vijana 1,645 wa Uingereza, ambalo matokeo yake yalitangazwa mwaka 2015, halikuona faida katika malengo yake makuu ya muda mfupi, kuanzia uvutaji wa sigara mwishoni mwa ujauzito hadi uzito wa mtoto anapozaliwa. Sababu moja inayotajwa mara nyingi ni kwamba familia za kulinganisha nazo hazikuachwa tupu: zilikuwa na wakunga na watembeleaji wa afya wa serikali, warithi wa Manchester na Buckinghamshire. Mgeni aliletwa kutoka mbali kuja kushindana na mwenyeji ambaye nchi ilikuwa imeshamzoea kiasi cha kumsahau.

Hawaii ni kisa kirefu zaidi. Mwaka 1985, chini ya msukumo wa daktari wa watoto Calvin Sia, mradi mdogo ulianzishwa upande wa magharibi wa kisiwa cha Oahu ukiwatumia watembeleaji wasio wauguzi kwa familia zilizohofiwa kuwatesa watoto wao, na taarifa za awali, ambazo hazikuwa na kundi la kulinganisha, zilionyesha kwamba visa vya mateso vilikuwa haba mno. Jimbo likaupanua mradi, na mwaka 1992 kamati ya kitaifa ya kuzuia mateso ya watoto ikautumia kama kielelezo cha mpango wa nchi nzima. Ndipo Anne Duggan na wenzake wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins walipoziingiza familia 643 katika jaribio la nasibu kati ya 1994 na 1995, katika vituo 6 vya mashirika 3, wakafuatilia kilichotokea hasa.

Walichokikuta kilikuwa karibu kile ambacho kila msimamizi wa kazi za nyumbani hukihofia kimyakimya. Takriban nusu ya familia zilikuwa zimeacha huduma kabla ya mwaka kumalizika. Ziara zilizopangwa kuwa za kila wiki zilifanyika kwa uchache mno. Mashirika matatu yaliyopaswa kutoa huduma moja yalitoa huduma tatu. Na mateso ya watoto hayakupungua kwa kiasi cha kuridhisha. Jambo zito kuliko yote lilihusu mafunzo. Watembeleaji walikuwa wamefundishwa kujenga uhusiano mwema na familia, kutazama nguvu zake badala ya udhaifu, na kumwachia mzazi achague mada ya mazungumzo, na walilishika fundisho hilo vizuri kiasi kwamba mambo matatu yaliyokuwa sababu ya familia kuandikishwa, yaani kipigo cha mume kwa mke, sonona ya mama na dawa za kulevya, mara nyingi hayakuguswa kabisa. Mzazi hakuyataja, mtembeleaji hakuuliza, na msimamizi aliyesomewa taarifa ya wiki aliisikia habari ya urafiki unaokua. Kasoro ya kikao cha Boston ilikuwa imevuka karne nzima na bahari ya Pasifiki bila kuguswa.

Si haki kuwalaumu watembeleaji wa Oahu kwa hilo, kwa sababu mtu hawezi kusahihishwa katika kazi ambayo haikuwahi kuelezwa kwa vitendo. Uhusiano mwema hauna hatua ya kwanza wala ya pili. Haupungui kwa namna inayoonekana siku moja na kuongezeka siku nyingine.

Kabla ya hayo, kusini mwa Illinois, mwanasaikolojia John Lutzker alikuwa ameuanza mradi uliojengwa kwa tabia iliyo kinyume kabisa. Mradi huo wa mwaka 1979, uliofanyika katika chuo kikuu cha Carbondale, ulikuwa na huduma 12 kwa familia zilizothibitika kuwatesa au kuwatelekeza watoto, na Lutzker, mfuasi wa shule ya saikolojia inayohesabu matendo badala ya kukisia hisia, alitaka kila huduma iwe na kitu cha kuhesabiwa. Mfano unaoeleweka upesi ni orodha ya hatari za nyumbani: mtembeleaji hupita chumba kwa chumba akihesabu visu, dawa, sumu, vitu vya kukaba koo na nyaya za umeme zilizo ndani ya upeo wa mkono wa mtoto, kisha huhesabu tena baada ya kumfundisha mzazi, na tofauti ya namba hizo mbili ndiyo kazi yake. Katika miaka ya 1990, huko California, huduma 12 zilipunguzwa zikawa 3, yaani afya ya mtoto, usalama wa nyumba, na namna mzazi anavyoshirikiana na mtoto wake, na mpango ukapata jina la SafeCare.

Mafunzo yake yalifuata tabia hiyohiyo. Mwanafunzi huhudhuria warsha ya siku chache ambayo, kwa maelezo ya wenye mpango wenyewe, haimfanyi kuwa chochote bado. Hutumwa kwa familia, na ziara zake husikilizwa kwa kinasa sauti au hushuhudiwa na kocha mwenye orodha hakiki, ambaye huweka alama kwenye kila tendo lililopaswa kufanyika. Na cheti hutolewa pale tu anapofikisha alama 85 kwa 100 katika ziara za kweli. Baada ya cheti kocha hupunguza ziara zake lakini haachi kabisa. Mpango uliwekea mpaka pia ule utaratibu ambao Afrika Mashariki inaujua vizuri kwa jina la mafunzo ya wakufunzi, ambao mkufunzi mkuu hufundisha wakufunzi, nao wakafundisha wengine, hadi fundisho linapofika kijijini likiwa limepoa kama chai iliyomiminwa katika vikombe vitano: kila ngazi hupimwa upya kwa orodha ileile, na chuo kikuu cha jimbo la Georgia huko Atlanta, palipo na kituo cha kitaifa cha mpango huo tangu 2007, hushikilia ngazi ya juu.

Watembeleaji wenyewe walilipokeaje jicho hili lisilofumba? Wasimamizi wengi walitarajia kwamba kusikilizwa na kupewa alama kungewachosha na kuwafukuza, katika kazi ambayo tayari huhamwa sana kwa mshahara mdogo na huzuni nyingi. Huko Oklahoma, ambako timu za huduma za jimbo zima ziligawanywa ili baadhi zifuate SafeCare na nyingine huduma ya kawaida, na katika kila upande baadhi zikawa na ufuatiliaji wa kocha na nyingine zisiwe nao, Gregory Aarons na wenzake walichapisha mwaka 2009 matokeo ya watumishi zaidi ya 100: walioacha kazi kwa uchache kabisa ni wale waliokuwa na vyote viwili, mpango wenye ushahidi na mtu wa kuwafuata hadi nyumbani kwa familia. Maelezo yanayoelekea kuwa kweli ni kwamba ukaguzi ulio peke yake huonekana kama upelelezi, lakini mwenzi mwenye ujuzi anayekuja kusaidia kazi ngumu ifanyike vizuri humwondolea mtembeleaji upweke wake mkubwa.

Kingston, mji mkuu wa Jamaica, ndipo hoja ya Manchester ilipofufuka. Katikati ya miaka ya 1980 Sally Grantham-McGregor na wenzake waliwachagua watoto 129 waliodumaa, wenye umri wa miezi 9 hadi 24, wa mitaa maskini ya mji huo, na kwa miaka 2 baadhi yao walitembelewa saa moja kila wiki na wahudumu wa afya wa jamii, wanawake ambao elimu yao rasmi haikuwa kubwa na ambao jaribio la Denver lingetabiri kwamba wasingefika mbali. Walifika mbali sana. Watoto hao walipofikisha miaka 22 mapato yao yalikuwa makubwa kwa asilimia 25 kuliko ya wenzao waliodumaa bila kupata huduma hiyo, tokeo lililochapishwa mwaka 2014 na Paul Gertler na wenzake, na ambalo limeifanya kazi hiyo ndogo kuwa mojawapo ya zinazotajwa zaidi katika masuala ya malezi duniani.

Siri, ikiwa neno hilo linafaa, ilikuwa mkobani. Mhudumu wa Kingston alibeba vichezeo vilivyotengenezwa kwa chupa za plastiki, makopo, maboksi na vitambaa, akakaa sakafuni na mama na mtoto, akaonyesha mchezo, akampa mama aurudie, akasifu, kisha akaviacha vichezeo nyumbani hadi wiki iliyofuata alipovibadilisha na vingine vinavyofaa umri. Msimamizi aliyeandamana naye aliweza kuona kwa macho kama mama alipewa nafasi ya kurudia mchezo au mhudumu alijichezea mwenyewe, na kumsahihisha palepale walipotoka mlangoni. Utafiti mwingine wa hukohuko ulipima jambo ambalo wapangaji wa bajeti hawapendi kulisikia, ukionyesha kwamba ziara za kila wiki zilikuwa na manufaa makubwa, za kila wiki mbili manufaa madogo, na za mara moja kwa mwezi hazikuwa na manufaa yoyote ya kupimika.

Kwa hiyo Denver na Kingston hazipingani kama inavyosemwa. Muuguzi wa Denver alipewa kazi pana, ya ujauzito, afya, ajira na ndoa, ambayo ilihitaji uamuzi wake mwenyewe kila dakika, na busara ya kuamua haifundishwi katika wiki chache; mhudumu wa Kingston alipewa kazi iliyokatwa hadi ikalingana na mkono wake na jicho la msimamizi wake. Ukataji huo una gharama, kwani mama anayepigwa usiku hana nafasi katika orodha ya vichezeo, na hata orodha ya Lutzker huhesabu kisu kilicho mezani bila kumhesabu aliyekishika. Ubora uliolindwa vizuri kuliko wote katika historia hii ulikuwa pia ubora mwembamba.

Hata ukiwa mwembamba hivyo, ubora huo huyeyuka unapotanuliwa. Njia ya Kingston ilipopelekwa Colombia katika miji midogo 96 na watoto 1,420, ikitumia kina mama viongozi wa mpango wa serikali wa ruzuku za fedha kwa familia maskini, faida ya akili za watoto ilionekana wazi mwishoni mwa miezi 18 ya ziara, lakini haikuonekana tena miaka 2 baadaye.

Nchini Marekani sheria ya mwaka 2010 ya bima ya afya ilitenga dola bilioni 1.5 kwa miaka 5 kwa ajili ya ziara za majumbani na kutaka sehemu kubwa ya fedha hizo iende kwenye mipango yenye ushahidi tu, na tangu hapo mafunzo ya mtembeleaji yamekuwa bidhaa yenye leseni na mwenye hakimiliki. Tanzania ilizindua Januari 2024 mpango jumuishi wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii unaolenga kufikia wahudumu 137,294 ndani ya miaka 5, ambao ziara za kaya ni sehemu ya kazi zao nyingi na ambao kwa tabia hiyo wanafanana zaidi na muuguzi wa Denver kuliko mhudumu wa Kingston mwenye mkoba wake. Kwa kipimo ambacho mpango wa Olds ulijiwekea, cha msimamizi 1 kwa watembeleaji 8, idadi hiyo ingehitaji wasimamizi 17,162, kila mmoja akiwa na muda wa kuandamana na mhudumu wake hadi mlangoni.